Mazoezi ya Moto ya Bi Saumu

Hii nimeletewa, nami nakuletea wewe mwenye jiko na watu wa kulala chini ya paa lako.

Katika nyumba moja ya kupanga mjini Tanga aliishi Bi Saumu, mjane mwenye sauti nzito. Alimbana mwenye nyumba mpaka mlango wa uani uliopigiliwa misumari ukafunguliwa. Mitungi ya gesi akataka itoke vyumbani, ikae uani penye hewa. Na kila mwanzo wa mwezi alipiga sufuria kwa mwiko, wapangaji watoke mbio, wakusanyike barazani kwa jirani na kuhesabiana.

"Zimeni umeme kwanza! Ukiona moshi, inama! Hakuna kurudi kuchukua televisheni!"

Kombo, muuza mitumba wa chumba cha mbele, alimwona kichekesho. Jioni, kijiweni, alijifunga khanga ya mkewe, akainua mwiko na kuiga sauti ile: "Inama weye! Tambaa!" Watu walicheka mpaka machozi.

Siku moja Bi Saumu akamfuma. Hakununa.

"Hapo umekosea, mwanangu," alisema. "Kabla ya kufungua mlango, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usifungue."

Kombo akaliongeza na hilo kwenye maigizo yake.

Alasiri moja, akiwa anapanga nguo zake, alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Alipotoka ukumbini, aliona moshi ukipenya chini ya mlango wa Bi Saumu mwenyewe! Friji lake kuukuu lilikuwa limepiga shoti, na yeye alikuwa ndani, homa imemlaza tangu asubuhi.

Kombo alizima swichi kuu. Akanyakua sufuria, akaipiga.

"Tokeni! Mlango wa uani!"

Wapangaji walitoka, kila mama na wanawe, asiwepo wa kuuliza njia. Kombo akaugusa mlango wa Bi Saumu kwa mgongo wa mkono. Ulikuwa bado wa baridi. Akaufungua, akatambaa chini ya moshi, akamshika mama wa watu kwapani na kumburuta hadi nje, kisha akaufunga mlango ili moto usipate hewa. Chumba kile kiliteketea. Vingine vyote vilipona, kwani zimamoto waliwahi.

Kule barazani, Bi Saumu alipopata pumzi, aliuliza, "Mmehesabiana?"

"Tumetimia, mama."

Kombo akachuchumaa mbele yake. "Mama, nisamehe. Mimi nilikuwa nakuigiza ili watu wacheke. Leo nimeona mikono inakwenda yenyewe."

Bi Saumu akakohoa, akacheka, akamshika mkono.

"Najua, mwanangu. Unadhani nilikusahihisha kwa nini?"

Funzo: Usichoke kuwafundisha watu wa nyumbani mwako namna ya kujiokoa na moto, hata wakikucheka. Huenda siku hiyo wa kuokolewa ukawa wewe.