Kiboko Ahamia Ligi ya Ng'ambo

Niwaambie, nisiwaambie?
(Tuambie.)
Nitie chumvi, nisitie?
(Tia, maji ya kunywa tunayo.)

Basi sogeeni. Zamani wanyama walikuwa wakicheza mpira, na nchi mbili zilitenganishwa na mto: upande huu Bondeni, upande ule Ng'ambo. Bondeni walikuwa na uwanja mmoja tu wenye nyasi. Bingwa wa ligi ndiye aliyekula nyasi hizo kiangazi kizima. Wengine walitafuna mizizi.

Bingwa alikuwa Kiboko. Miaka saba, bingwa Kiboko. Hakujua kukimbia, hakujua kupiga chenga. Alikaa golini, goli likajaa. Kanga, mwamuzi, anapuliza, priii. Mpira unakuja, bu, tumboni. Unakuja tena, bu, tumboni. Wapinzani wakishachoka, ndugu yake Kiboko anausukuma mpira kwa pua hadi upande wa pili. Moja bila. Priii, mchezo umekwisha.

Pimbi alikuwa nahodha wa timu ya majabalini, na pia katibu wa chama, maana hakuna mwingine aliyejua kuandika. Kiangazi cha saba alizika watoto wawili kwa njaa, huku akimsikia Kiboko akipiga mbweu uwanjani. Alichonga kalamu.

Asubuhi moja Kiboko akamwita, Kanga akiwepo.

"Katibu, nasikia Ng'ambo wana ligi kubwa."

"Kubwa sana, bwana mkubwa."

"Na nyasi?"

"Zinafika magotini. Magoti ya tembo."

Kiboko akameza mate, glu. "Niombee nafasi. Lakini uwanja wa hapa ubaki wangu. Nitakula kule, nitakula na huku."

Kwenye mkutano Swala akapinga. Bingwa akiondoka, alisema, nani atakuja kututazama? Pimbi akapanda juu ya kiti ili aonekane.

"Ndugu zangu, tusimzibie mwenzetu njia. Kipaji kama hiki kwenye ligi yetu ya kokoto kinaoza. Aende akatutangaze."

Alisema kwa uchungu mpaka Kanga akatokwa na chozi.

Wakakaa kuandika barua. Pimbi akasoma sheria za Ng'ambo: timu ngeni yenye uwanja kwao hulishwa siku ya mechi tu, timu ngeni isiyo na uwanja hulishwa kila siku. Kiboko akafikiri. Alianza kufikiri asubuhi, akamaliza alasiri.

"Andika sina uwanja."

"Lakini unao, bwana mkubwa. Kanga shahidi, unao."

"Andika sina, au nikukalie."

Pimbi akaandika. Kiboko akakanyaga tope, kisha akakanyaga barua, miguu yote minne. Nakala moja ikaenda Ng'ambo. Nyingine ikaingia kwenye kabati la chama.

Chubwi, Kiboko akavuka.

Ng'ambo magoli yalijengwa kwa kipimo cha tembo. Kiboko akakaa katikati, kukabaki wazi kulia, kukabaki wazi kushoto. Priii. Mpira ukapita kulia, fyuu. Ukapita kushoto, fyuu. Tisa bila. Wiki ya pili, kumi na mbili bila. Chakula kila siku alipewa kweli, ila mgeni alikula wa mwisho, nyuma ya tembo arobaini. Hilo Pimbi hakulisema, maana hakuulizwa. Ngozi ikamlegea Kiboko kama suruali ya kuazima. Msimu haujaisha, akashushwa daraja. Akarudi mtoni kichwa chini.

Bondeni alikuta wanyama wote uwanjani, wanakula. Bingwa alikuwa Pimbi.

"Nipisheni. Mwenye uwanja amerudi."

Pimbi akafungua kabati. "Samahani, mgeni. Hapa imeandikwa huna uwanja. Nyayo hizi si zako?"

Kiboko akazitazama, kisha akamtazama Kanga. Kanga akatazama miguu yake mwenyewe.

"Basi nirudisheni kwenye ligi," akasema Kiboko, sauti imeshuka.

Pimbi akapanda kitini. "Ndugu zangu, ligi yetu ni ya wazawa. Timu ya nchi jirani ikiingia ligi kuu, vijana wetu watacheza wapi?"

Kanga akatokwa na chozi tena. Kiboko akapangiwa daraja la nne, juu ya majabali, saa sita mchana. Akikaa golini, jabali linamchoma. Akinyanyuka, mpira unapita chini yake, fyuu.

Mwaka ule nyasi walikula wote. Mwaka uliofuata Pimbi akaweka uzio, kwa usalama. Mwaka wa tatu Swala akauliza funguo ziko wapi. Akaambiwa ziko kwa katibu, na katibu anakula, asisumbuliwe.

Funzo lake, wanangu, ni hili: mdogo akishika madaraka hasahau njaa ya wenzake. Asiyeamini asiende kumuuliza Swala, yuko kwenye mizizi.

Hadithi nimeimwaga hapa. Mwenye ufagio?
(Tumeshazoa.)