Pipa la Baba Nyuma ya Bafu

"Kumbukumbu haichemshi maji." Ndiyo, mimi bibi yenu ndiye niliyemwambia baba yenu maneno hayo asubuhi hii, fundi alipomwonyesha jinsi hita ya bafuni inavyovuja, naye, badala ya kukubali ibadilishwe, akaanza kuisifu kama mshenga anayemsifu bwana harusi. Mlicheka, kisha mkaniuliza nimeyatoa wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, nyumbani kwetu Lushoto, siku aliyozaliwa baba yenu mwenyewe.

Kule milimani baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Baba yangu, mzee Shemdoe, hakupenda mkewe ahangaike na masufuria ya maji ya kuoga. Akajenga meko ya matofali nyuma ya bafu, akalaza pipa la chuma juu yake, akavuta bomba mpaka ndani. Maji moto yakawa yanatoka ukutani! Majirani walikuja kutazama. Kila asubuhi maji yakipata moto, baba aligonga pipa kwa ukuni, ngo, ngo, nasi tukajua zamu za kuoga zimeanza. Sauti ile nikiikumbuka moyo hulegea hadi leo.

Baba alipofariki, mama ndiye aliyekuwa akigonga. Miaka ikapita, kutu ikala chuma, pipa likaanza kuvuja. Mama akaziba tundu kwa kitambaa na sabuni ya kipande. Likitokea lingine, sabuni nyingine. Niliporudi kwake kujifungua mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi, nilikuta pipa limejaa viraka vya sabuni. Nikamsihi, naye akamwita fundi Sangoda. Fundi alilipapasa, kutu ikamjaa kiganjani.

"Mama, hili haliungiki. Nikilichomelea litatoboka zaidi. Tubadilishe sasa, kabla mtoto hajaja. Meko na bomba ni vizima, vitabaki. Ni pipa tu."

"Pipa tu?" mama aling'aka. "Hilo alilibeba mume wangu mgongoni kutoka barabarani! Kama huwezi kuliunga, sema huwezi."

"Haya, mama. Mimi sijakataa. Chuma ndicho kilichokataa." Akafunga mfuko wake, akaenda zake.

Uchungu ulinishika asubuhi moja yenye ukungu mzito. Mkunga wetu, Bi Sikudhani, aliagiza maji moto ya kumwogesha mtoto na ya kunikanda mimi. Mama akasukumia kuni nyingi kuliko siku zote. Baba yenu alipolia kilio cha kwanza, tukasikia mshindo nyuma ya bafu. Tumbo la pipa lilikuwa limeachia, maji yote yakamwagikia motoni, meko yakazima.

Nilitetemeka hadi meno yakagongana. Miguu ya mtoto ikaanza kupoa, nami nikaogopa kumpoteza. Bi Sikudhani akamlaza kifuani pangu, akatufunika mablanketi yote, kisha akapaza sauti dirishani kuwaita majirani. Walikuja mbio na chupa za chai na masufuria ya maji ya ugali, wakiteleza kwenye tope.

Mtoto alipopata joto, mkunga alimfuata mama nyuma ya bafu. Nilimsikia mama akilia.

"Nilitaka mjukuu aogeshwe kwa maji ya babu yake."

"Najua, Mama Hidaya. Hata mimi Shemdoe namkumbuka. Lakini pipa lile aliliweka ili msione baridi, na leo mwanao Hidaya anatetemeka. Kumbukumbu haichemshi maji."

Mama alifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaenda mwenyewe kwa fundi Sangoda.

Pipa jipya likakaa juu ya meko yale yale ya baba. Mama alimwaga maji ya kwanza ya kulisuuza, akachemsha mengine, kisha akaligonga. Sauti ilikuwa kali, si ile tuliyoizoea.

"Linaita kwa sauti nyingine," mama akasema, "lakini linaita." Akanikanda kwa maji yale mpaka nikalala.

Sasa nendeni kwa baba yenu, fundi bado anamsubiri. Msimcheke tena. Hita ile aliichagua pamoja na marehemu mama yenu, na mama yenu ndiye aliyemwonyesha fundi pa kuitundika. Mwambieni polepole kwamba ukuta utabaki, bomba litabaki, na mama yenu haendi popote. Lakini kumbukumbu haichemshi maji.