Dole la Pili Shingoni mwa Mtungi

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi juzi, kwenye milima ya Ukwamba palikuwa na pango lenye chemchemi, na mlangoni mwa pango hilo ulisimama mtungi. Mtungi mkubwa kweli! Mtu mzima angechuchumaa ndani yake asionekane. Upepo ukipita mdomoni, mtungi ulivuma, na mvumo ule ulisikika vilima saba. Popote ulipo, uwe unapalilia, uwe unagombana na mumeo, unasimama. Unanyamaza. Hata mbuzi walinyamaza. Cheka tu wewe uliyekaa nyuma, mimi nasimulia nilivyosimuliwa.

Mtungi huo ulifinyangwa na mfinyanzi mkuu, mmoja kwa kila kizazi. Huyu akichoka, anayempokea anafinyanga wake, na ule wa zamani unasogezwa ndani zaidi, gizani. Na kulikuwa na sharti. Kabla udongo haujakauka, madole gumba mawili hubonyezwa shingoni mwa mtungi. La kwanza ni la mfinyanzi mwenyewe. La pili ni la mtu aliyemfanya awe yeye. Mtu mmoja, si wawili. Ukibonyeza la asiyestahili, mtungi unapasuka motoni, na aliyeufinyanga hagusi tena udongo mpaka anaingia kaburini.

Basi zamu ikamfikia Nakundwa.

Nakundwa huyu alizaliwa na mkono wa kushoto uliokunjamana, vidole vitatu havinyooki. Lakini akishika udongo, watu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala hakuona kapungukiwa. Alikuwa na udongo. Mkimnyang'anya udongo, mmemmaliza.

Siku moja kabla ya kubonyeza madole, akapelekwa pangoni akaione mitungi ya waliotangulia. Akahesabu arobaini, akaacha, maana bado ilikuwa inaendelea kule ndani, mikubwa, kimya, imepangana. Kila shingo madole mawili. Akaweka dole lake juu ya alama moja ya mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu yake. Likaenea barabara. Akahisi hata mistari ya ngozi. Akashika ukuta.

"Huyu alikuwa nani?" akanong'ona. "Na huyu wa pili alimfanyia nini?"

Akalia pale, na hakujua analia nini.

Asubuhi ya siku yenyewe mtungi ukasimama uwanjani, mbichi, unang'aa maji. Watu wamejaa. Nakundwa akabonyeza dole lake. Sasa la pili. Hapo hapakuwa na swali, kila mtu alijua ni la mama yake, Nangena. Kwani nani hakuijua hadithi? Nakundwa alipozaliwa, ule mkono wa kushoto ulikuwa umefumba ngumi, na ulipofumbuliwa, ndani yake mlikuwa na bonge la udongo mbichi. Mtoto aliyekuja na udongo kutoka tumboni! Nangena alimsimulia hadithi hiyo tangu ananyonya.

Anayetoa dole lake hutumbukiza kwanza mkono kwenye bakuli la maji ya udongo, na mkono ukiwa humo anasema alilotenda. Nangena akatumbukiza. Akawa anayakoroga tu maji yale.

"Mama, jua linapanda," Nakundwa akamwambia. "Udongo utakauka."

"Mwanangu, hapakuwa na udongo."

"Unasemaje?"

"Kwenye ngumi yako. Hapakuwa na kitu. Ulizaliwa na mkono mbovu, wanawake wakaanza kunitazama kwa huruma, na mimi nikaona maisha utakayoishi. Nikatoka nje, nikachota udongo kisimani, nikakutia mkononi, halafu nikawaita waje waone. Nilikudanganya wewe, nikadanganya na hawa wote. Ningeweza kunyamaza leo. Lakini nikauona huu mtungi, nikaogopa."

Salaale! Nakundwa akautazama mkono wake kana kwamba ameletewa mkono wa mtu mwingine. Miaka yote, akiamka, akila, akichekwa, alikuwa yule mtoto aliyekuja na udongo. Sasa yule mtoto hakuwahi kuwepo. "Kwa hiyo mimi ni nani?" akauliza.

Bibi Mbonea ndiye aliyejitokeza. Huyu alikuwa mfinyanzi mkuu anayeondoka, mikono inamtetemeka, lakini ulimi mzima kabisa. Akausukuma mkono wa Nangena pembeni, akatumbukiza wake.

"Mimi nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Mtoto mchanga na bonge la udongo, wapi na wapi! Nakundwa, ulikuja kwangu unajiona. Nikavunja chungu chako cha kwanza. Nikavunja cha pili. Miaka tisa nimevunja, na kila nilichovunja nilikuambia kwa nini. Usiku silali, nawaza kosa lako. Wanangu mwenyewe sikuwafundisha hivyo. Hadithi haifinyangi chungu, mikono ndiyo inafinyanga, na hiyo mikono nimeitengeneza mimi."

"Nilikuchukia, bibi," Nakundwa akasema.

"Najua. Na bado ulirudi kila asubuhi."

Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, wakisema haya, ni Mbonea, yamekwisha. Hayakwisha. Kutoka nyuma kabisa akaja Senzia, baba mdogo wa Nakundwa, anatembea kama mgonjwa. Wakamshangaa. Yeye na Nakundwa hawakuwa wakisalimiana vizuri miaka na miaka, na hakuna aliyejua sababu. Akatumbukiza mkono.

"Alipokuwa na miaka kumi na miwili nilikwenda naye kuchimba udongo. Shimo likaporomoka likamfunika. Nilimsikia akiniita. Nami nikakimbia. Nikaja kuwaambia amekwenda kwa shangazi yake, ndiyo maana hamkumtafuta. Siku ya pili jioni akatokea mwenyewe, akasema alipotea njia." Akamgeukia Nakundwa. "Ulijua kwamba nilikimbia?"

"Nilisikia miguu yako, baba mdogo."

"Na hukunisema."

"Sikukusema."

Senzia akalia mbele za watu, mtu mzima. "Sidai heshima. Mnipige, mnifukuze. Lakini kila mtu humu anajua kwamba baada ya siku zile mbili mtoto huyu hakuwa tena yule. Mkiweka dole lingine, mtungi utakuwa umeficha jambo."

Nangena akataka kumrukia Senzia, wakamshika. Mbonea akatema mate chini. "Mwoga akae pangoni na wakubwa wale? Kwa kazi gani aliyofanya? Kukimbia?"

Lakini Nakundwa akainua mkono. Akasema polepole, kama anayeona kitu kwa mara ya kwanza.

"Mle shimoni ndimo nilimoujua udongo. Sikuona kitu. Niligusa, nililamba, nikajua upi unashika na upi unaanguka. Bibi, ulipokuwa ukinifundisha ulishangaa mbona naelewa haraka. Nilikuwa nimefundishwa tayari, kule chini. Ila bila wewe ningekuwa mtu anayejua udongo na hawezi kutengeneza hata kikombe." Akamgeukia mama yake. "Na kilichonifanya nichimbe siku mbili bila kukata tamaa ni uongo wa mama. Nilijiambia, udongo huu nilikuja nao, hauwezi kuniua. Kama ningejua ukweli ningelala nikafa."

Watu wakashika midomo. Akina mama wengine wakalia. Mbonea mwenyewe, Mbonea yule, alikaa chini.

Jua likafika utosini. Nakundwa akagusa shingo ya mtungi, akaona mng'ao unaanza kupotea. Mikono mitatu ilikuwa mbele yake, yote inadondosha maji ya udongo. Akaitazama mmoja mmoja. Kisha akaukamata mmoja, akauvuta kwa nguvu, akalibonyeza dole la mkono huo shingoni, likazama.

Mtungi ukaingia motoni. Ukatoka mzima, hauna ufa hata wa unywele.

Sasa nawaona mnavyonikodolea macho. Siwaambii. Na usiniambie wote watatu, nafasi ni moja. Wala usiniambie ni yeye mwenyewe, dole lake lilishakaa. Yupo mama aliyempa uongo akauishi. Yupo bibi aliyempa kazi mikononi. Yupo baba mdogo aliyemwacha gizani. Ondoa mmoja tu kati yao, Nakundwa hayupo.

Wewe uliyekuwa unacheka, anza wewe. Je, ni nani aliyestahili, na ungelivuta dole la nani?