Korongo Aliyefungwa Mdomo Bwawani

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maneno mengi kuliko akili, mvua iligoma. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata matope yakakauka. Likabaki bwawa la Kiboko tu, na Kiboko akatunga sheria: mgeni hulipia maji kwa habari za alikotoka. Akisema kweli, anywe. Akisema uongo, nje!

Siku moja akatua Korongo, mweupe, miguu kama vijiti. Alikuwa ametoka Bulgaria, huko Ulaya, alikozaliwa juu ya paa la nyumba ya watu. Alikuwa ameruka majuma na majuma, akabaki mifupa na mdomo. Akifukuzwa hapo hafiki kokote, na mwenyewe alilijua hilo.

"Hodi wenyewe. Naomba maji."

"Habari kwanza," akasema Kiboko.

"Nimepita mji wa Istanbul. Mji mmoja, lakini upande uko Ulaya, upande uko Asia, na bahari inapita katikati."

"Mwongo!" akapiga kelele Nguchiro, mpambe wa Kiboko. "Mji umepanua miguu kama anayeruka mfereji?"

"Iko nchi ya Saudia, kubwa kweli kweli, haina hata mto mmoja wa kudumu."

"Mwongo! Wanaoga vumbi kama Bi Kanga?"

"Niache na vumbi langu," akasema Bi Kanga, "wewe mla mayai ya watu."

"Na mbayuwayu kaniapia kwamba kaskazini ya Norwei, wakati wa kiangazi, jua halizami. Usiku wa manane lipo, linawaka."

"Mwongo! Na majogoo wawike saa ngapi?"

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana. Kiboko akasema, "Ataapa."

Kiapo cha bwawani kilikuwa hivi: mshitakiwa hufungwa mdomo kwa ukindu, akajibu kwa kichwa tu. Mdomo ndio ulioshitakiwa, alisema Kiboko, hauwezi tena kuwa shahidi. Aliipenda sana fikra hiyo. Hakuwa na nyingine.

Nguchiro akamfunga Korongo, akakaza. Kiboko akauliza, "Mgeni, umetudanganya?"

Korongo akashusha kichwa, akakiinua, akakishusha.

"Amekiri!" wakashangilia wote.

Korongo akaduwaa. Amekataa waziwazi, sasa shangwe ya nini? Akashusha kichwa tena, akakiinua, kwa nguvu zaidi, mpaka shingo ikamuuma.

"Anakiri tena!" akasema Nguchiro, akamkamata mguu na kuanza kumburuta kwenye ardhi iliyopasuka.

"Ngojeni," akasema Bi Kanga. Akamsogelea Korongo, akamwangalia machoni. "Bibi mgeni, nikunyonyoe manyoya yote?"

Korongo, macho yamemtoka, akashusha kichwa, akakiinua.

"Nikuchemshe supu?"

Akashusha, akakiinua, mbio mbio.

"Hapa pana chura mnono. Unamtaka?"

Korongo akatikisa kichwa kulia kushoto, kulia kushoto, na mdomo ukahangaika ndani ya ukindu.

Bi Kanga akawageukia wenzake. "Nyie vichwa maboga! Nani anakubali kuchemshwa, halafu anamkataa chura? Mfungueni!"

Wakamfungua. Korongo akahema, akasema, "Kwetu Bulgaria, mtu akikataa hushusha kichwa na kukiinua. Akikubali, hukitikisa huku na huku. Watu wa ile nyumba wote walifanya hivyo. Nilidhani dunia nzima ni hivyo."

"Na hawa walidhani dunia nzima ni bwawa hili," akasema Bi Kanga. "Mpeni maji."

Kiboko akakohoa, akasogea pembeni. Korongo akanywa, akanywa, akanywa. Kisha akaanza vyura. Nguchiro akakumbuka ana shughuli mahali.

Kiboko akajikongoja karibu, sauti ndogo. "Bibi mgeni, nusura nikufukuze ufe kiu, na wewe ni mkweli. Umenisamehe?"

Korongo, chura kooni, akashusha kichwa, akakiinua.

"Hicho kichwa ni cha kwenu au cha kwetu?"

Korongo akameza, akamfuata chura mwingine.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hushinda amezama majini, macho na masikio tu nje. Anamvizia Korongo amwulize tena, na kuuliza anaona haya.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iwe tamu, iwe chungu, mmekwisha kuimeza.