Waya Mguuni mwa Alida

Wahenga waliosema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende hawakuwa wakimwonya mkulima asiye na viatu peke yake. Msomi naye ana nyayo.

Alida alikuwa mtafiti katika maabara moja mjini Kigali. Kwa miaka mitatu alikuwa akichunguza vijitundu vya utando wa seli, ambavyo maji hupitia, na jinsi vinavyochangia uvimbe mwili unapojeruhiwa. Ijumaa angesoma matokeo yake mbele ya wageni, na wakiridhika angepata nafasi ya kusomea uzamivu. Wiki nzima roho ilikuwa juu juu.

Jumamosi ya kabla yake, akipita nyuma ya gereji za Gikondo na ndara zake, waya wa tairi kuukuu ulimchoma chini ya kidole gumba. Akauchomoa, akapangusa damu, akashika njia. Jumatatu mguu ukaanza kuvimba. Mwingine angekimbilia hospitali. Yeye alitafuta utepe, akawa anaupima mguu kila asubuhi na kuandika vipimo daftarini. Elimu nayo ina wazimu wake.

Jumatano shangazi yake Kanyange, mshonaji wa Kimironko aliyekulia Bujumbura, alimkuta akichechemea.

“Mwanangu, hii mguu iko inawaka moto. Twende hospitali kwa muganga.”

“Shangazi, hiyo ndiyo kazi yangu,” Alida akajibu. “Askari wa damu wamekuja kupigana na uchafu. Wana milango midogo, maji yanapita, ndiyo wanaweza kutembea. Wakimaliza, uvimbe utaisha.”

“Sawa. Na ile waya, ulitoa yote?”

Alida akatazama daftari lake. Alikuwa na vipimo vyote, lakini hilo hakuwa amelitazama. Hata hivyo alishikilia kwamba atakwenda baada ya Ijumaa.

Alhamisi adhuhuri alianguka maabarani, mwili ukitetemeka kwa homa. Akakimbizwa hospitali, na huko Daktari Nkusi aliupasua mguu, akatoa kipande cha waya kisichozidi punje ya mchele. Nyama ilikuwa imekwisha kufa, na vidole viwili vikakatwa. Kesho yake Conrad, mwenzake Alida wa maabarani, alisoma yale matokeo kwa niaba yake. Wageni wakapiga makofi, na nafasi wakampa aliyesimama mbele yao.

Alida alipopata habari alilia kwa uchungu na kwa aibu.

“Shangazi, nilikuwa najua kila kitu.”

“Ulikuwa unajua,” Kanyange akasema, akimfuta machozi.

Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.