Fisi na Njia Aliyoifagia Mwaka Mzima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa njia!
Njia ya nani?
Ya mwenye kuifagia!

Haya, mmeitikia kivivu, lakini tutakwenda hivyo hivyo.

Hapo kale alikuwepo Bi Sange. Nyie wa siku hizi hamumjui. Ni mnyama mdogo, kampita panya kidogo tu, pua ndefu inayochezacheza, miguu kama vijiti. Sange hana pembe, hana meno ya kutisha. Ana vinjia vyake majanini, na kila asubuhi anavifagia, jani moja moja, ili siku akikimbizwa asijikwae.

Zamani hizo, mwaka mpya ukiingia, wanyama wote walikwenda mtoni kuoga. Wakitoka majini, kila mmoja anataja nia yake ya mwaka. Mfalme Simba aliweka zawadi: atakayeishika nia yake mpaka mwaka urudi, tena awe na shahidi, atapewa paja zima la nyati. Miaka tisa ilikuwa imepita, na kila mwaka paja analila Simba mwenyewe.

Bwana Fisi alikuwa hodari wa kutaja. "Mwaka huu nitachimba kisima! Mwaka huu nitafunga Jumatatu na Alhamisi! Mwaka huu nitamtembelea mama mkwe!" Ikifika siku ya nne kisima hakuna, mfungo hakuna, mama mkwe kasahaulika. Wenzake wakamcheka. Na Fisi, mnavyomjua kwa kucheka, kuchekwa hakuwezi kabisa.

Sasa mwaka huo, Bi Sange akiwahi mtoni, alipita mahali ambapo hakupafagia yeye. Akajikwaa. Puu! Kabla hajainuka, mguu wa Fisi uko mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Nakula."

Moyo wa Sange ulikwenda du-du-du-du. Nyumbani aliacha mapacha ambao hawajajua hata kumtafuta mchwa. Aliogopa, nawaambia, aliogopa sana. Lakini mdomo wake haukuogopa.

"Kula, baba. Ila leo ukitoka majini utataja nini?"

Fisi akanuna. "Nia saba."

"Taja moja. Tena ndogo. Kila siku ufagie njia kutoka pangoni kwako mpaka mtoni."

"Hiyo nia, au kazi ya watoto?"

"Kwa kuwa unaidharau, utaiweza. Mimi nitakuwa shahidi wako, nitakuja kukuamsha kila asubuhi. Mwaka ukirudi, utakula paja la nyati, na mimi juu yake."

Fisi akashauriana na tumbo lake. Sange wa leo ni tonge moja. Paja la nyati ni paja la nyati. Na shahidi akiliwa hatoi ushahidi. Akainua mguu, na alipotoka majini akataja nia hiyo moja.

Siku ya pili Sange akasimama nje ya pango.

"Bwana Fisi, kumekucha!"

"Nimechoka."

"Umechoka ya leo, au umechoka ya mwaka?"

"Ya leo."

"Basi fagia ya leo."

Fwa! Fwa! Fwa! Fisi akafagia kwa miguu yake, akilaani.

Siku ya tatu vile vile. "Bwana Fisi, kumekucha!" "Nimechoka." "Ya leo, au ya mwaka?" "Ya leo." "Basi fagia ya leo." Fwa! Fwa! Fwa! Siku ya nne, ambayo kila mwaka ndiyo iliyokuwa ikimshinda, akafagia. Ya tano, akafagia.

Msidhani Sange alikuwa na hila yoyote mkononi. Hakuwa nayo. Alikuwa anajipatia siku moja, halafu nyingine, akilea wanawe. Kila alfajiri anamwamsha atakayemuua, na akirudi nyumbani anawatazama mapacha walivyolala, machozi yanamtoka.

Mwezi wa nne, asubuhi moja ya mvua, Fisi alimaliza kufagia akafika mtoni. Akageuka. Jani moja la mkwaju lilikuwa limeanguka nyuma yake, mbali. Fisi akarudi, hatua thelathini, amelowa chapachapa, akaliondoa. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemtazama, ila Sange, chini ya kichaka.

Siku hiyo Sange alikaa akifikiri mpaka jua likatua. Tangu hapo hakulia tena.

Mwaka ukarudi. Sange akashuhudia mbele ya wote, Fisi akapewa paja, akalila na mfupa wake, akajifuta mdomo. Aibu? Hana.

"Haya, Bi Sange. Ahadi."

Mapacha walikwisha kuwa wakubwa. Lakini nani aliyechoka kuishi?

"Ahadi ni ahadi," Sange akasema. "Nakuomba unile njiani kwako, chini ya mkwaju. Pale ni safi."

Fisi akafurahi kusifiwa njia yake. Wakaenda. Akambana mkia kwa mguu, akafunua mdomo. Upepo ukavuma, shwaaa. Jani likashuka, polepole, likatua njiani.

Fisi akalitazama. Akafumba macho. Akayafumbua. Jani bado lipo.

"Kula, baba," Sange akasema kwa upole. "Jani litakusubiri."

"Nyamaza!" Jasho likamtoka. Tumbo linasema kula. Mguu hausikii la tumbo. Mguu una mwaka mzima wa kazi yake. Ukainuka wenyewe.

Fwa!

Na Sange, fyuuu! Njia nzima nyeupe mbele yake, hakuna jani, hakuna kijiti, hakuna pa kujikwaa, mpaka mtoni, akavuka juu ya gogo, ng'ambo.

Kesho yake alfajiri, huko ng'ambo, Sange aliamka ghafla na kupiga kelele: "Bwana Fisi, kumekucha!" Akajiziba mdomo. Akajicheka, kisha akaingiwa na huzuni asiyoielewa. Akatega masikio. Kutoka upande wa pili wa mto, hakuna zawadi, hakuna shahidi, akasikia: fwa, fwa, fwa.

Basi, wanangu, funzo ni hili: msijiwekee lengo dogo mkalishika mwaka mzima, litawanyima kitoweo. Jiwekeeni saba makubwa, yawashinde siku ya nne, mlale mmeshiba.

Ngano yangu naiacha hapa njiani. Atakayepita na aifagie, au airuke.