Sahani Moja ya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufunga milango kama sisi, miiko ya chakula ilikuwa ya wanawake tu. Mke akitaka kuzaa, haonji asali, hagusi miwa. Mume? Mume alikula alichotaka. Sijui ni nani aliyewagawia hivyo!

Bwana Kiboko alikuwa mlaji hasa. Kwachu! kwachu! miwa na asali, asubuhi mpaka jioni. Mwanawe wa kwanza, Matope, alizaliwa mnene lakini dhaifu. Akitembea hatua kumi, anahema. Kiu haimwishi, na huku anaishi mtoni! Mama yake alikuwa akimtazama na kulia.

"Umevunja mwiko wewe!" Kiboko alimngurumia mkewe. "Unalamba asali kwa siri. Wa pili akizaliwa hivi, utarudi kwenu."

"Haki ya Mungu, mume wangu, mimi nakula mtama na mchicha."

"Mwongo!"

Mkunga wao, Bi Kindi, aliyasikia yote. Kadogo kama ngumi, lakini alikuwa amezalisha wake wengi, na alijua jambo ambalo Kiboko asingelikubali kwa kuambiwa. Akamnong'oneza:

"Bwana mkubwa, unataka kumkamata? Kuleni sahani moja. Anachokula ule, asichokula usile. Anza leo, kabla hajapata mimba. Ukienda kwenye miwa mara moja tu, nyuma yako atalamba."

"Ahaa! Hapo umenena, mkunga!"

Miezi minne Kiboko alikula mtama na mchicha, macho yamemtoka, akimlinda mkewe. Kisha mke akapata mimba, akajifungua binti. Binti akakua, akawa anakimbia ukingoni na kujitosa mtoni, chubwi! Anatoka, anarudia, chubwi! Wala hahemi.

Kiboko akatamba mbele ya majirani. "Mmeona? Nimemlinda, kazaa mtoto mzima!"

Bi Kindi akashuka mtini. "Ulimkamata mara ngapi?"

"Hata... hata mara moja."

"Chakula chake kilibadilika?"

"Hakikubadilika."

"Basi aliyeacha asali ni nani?"

Kiboko alijua amechezewa, lakini hasira haikuja. Kando yake Matope alikuwa amekaa, akimtazama mdogo wake anavyoruka. Alikunywa maji, akanywa tena.

"Mkunga," Kiboko akauliza kwa sauti ndogo, "na huyu je?"

"Huyu mle naye sahani moja. Atapata nafuu. Lakini kukimbia kama mdogo wake, sikuahidi."

Kiboko akamwomba mkewe radhi mbele ya wote. Kisha akaenda kukaa karibu na Matope, na siku hiyo hakula kitu.

Nanyi mtakaokuwa baba, jueni kwamba mtoto huanza kula kwenye sahani ya baba yake kabla hajazaliwa.